Taipureta Ndani ya Okestra

Albamu ya muziki wa filamu ya Atonement (2007) inaanza na taipureta. Herufi zinagonga karatasi, kisha piano inadaka noti moja na kuirudia mbiombio, mpaka huwezi kutenganisha vidole vya mwandishi na vya Jean-Yves Thibaudet aliyeketi kwenye piano. Dario Marianelli, mtunzi, aliipa mashine hiyo ya ofisini kazi ya ngoma. Anayechapa ni Briony, binti wa miaka 13, na uongo wake ndio utakaomtia Robbie jela na kumtenga na mpenzi wake Cecilia hadi vita viwakute.

Ukitazama filamu, unamwona mtoto na mashine yake, basi umeridhika. Ukisikiliza tu, mchapaji haonekani. Taipureta inajipenyeza kati ya fidla, nawe unabaki kujiuliza: nani anaandika haya, na anakimbilia wapi? Riwaya ya Ian McEwan, chanzo cha filamu hii, hulificha jibu mpaka kurasa za mwisho. Nathubutu kusema muziki peke yake unaliuliza swali hilo kwa ukali kuliko picha. Tuzo ya Oscar aliyopewa Marianelli mwaka 2008 ilikuwa haki yake.

Si kila kipande kinajitosheleza. Vingine ni vifupi mno, vinakatika ndiyo kwanza umeanza kuvizoea.

Lakini sikiliza "Elegy for Dunkirk". Kwenye filamu, kamera ya mwongozaji Joe Wright inazunguka ufukweni Dunkirk kwa takriban dakika tano bila kukatwa. Ni mwaka 1940, wanajeshi wa Uingereza wamekwama wakingoja meli, farasi wanapigwa risasi, bembea kubwa ya mviringo imesimama nyuma yao. Macho yana mengi ya kushika, masikio yanapata masazo. Kwenye albamu unapata kitu kizima: nyuzi zinaomboleza taratibu, kisha sauti za wanaume zinaingia na wimbo wa kanisani wa kuomba utulivu. Marianelli hakuufanya muziki mmoja kuwa mtumishi wa mwingine. Maombolezo yanashika njia yake, wimbo wa kanisani nao njia yake, na bado vinapatana. Ufundi wa namna hiyo hauji kwa bahati. Picha inatufanya tumfuate Robbie katika umati ule. Muziki haumfuati mtu mmoja, unawalilia wote waliokwama pale.