Fiat na Tela Lake

Jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, yupo mzee anayeziba rejeta na kuweka viraka masufuria. Wateja wakikatika hashiki simu. Anavuta kipande cha waya wa kufungia nondo, anakibana kwa plaisi, anatazama barabarani kidogo, kisha anakunja. Nilimpelekea sufuria linalovuja nikamkuta ameshamaliza kichwa cha lori. Lilikuwa Fiat, lile la zamani lisilo na pua, na masharubu yake usoni kayafuata mpaka ncha.

“Mzee, haya si yalishakwisha?”

“Mdogo wangu, barabara hii ilikuwa yake. Kuvuka kwenda shule ilikuwa kazi.”

Nikalinunua kabla hajalitia magurudumu, kwa kuogopa mwingine asinitangulie. Hofu ya bure, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Basi tangu hapo nakusanya magari ya waya, mtu mzima mwenye wajukuu, na nyumbani nimeambiwa wazi kwamba kabati la sebuleni ni la vyombo.

Sisi tuliokulia Magomeni, Dar es Salaam, tuliyajua yale malori kwa ngurumo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilifungiwa mlango wa kusini ikaugeukia wa Dar es Salaam. Mafuta yakapanda, shaba ikashuka, na Barabara ya Morogoro ikajaa Fiat na matela. Mwaka 1974 likaja shirika la mabasi la UDA, na baadaye Ikarus za Hungaria, zile ndefu zenye kiungo katikati, ambazo watu waliziita kumbakumba. Kila kilichopita barabarani, baada ya siku chache kilionekana uchochoroni kwa kimo cha goti, na mwenyewe anakimbia nyuma, ameshika usukani wa waya unaomfika kifuani, na mdomo ndio injini.

Watu hudhani watoto walijitengenezea magari kwa sababu ya shida. Ni kweli, dukani hakukuwa na kitu, na hata kingekuwapo baba asingenunua. Lakini shida haikufundishi ukali wa jicho. Landrova isiyo na tairi la spea juu ya boneti ilizomewa mtaa mzima. Tela lililofungwa kwa uzi badala ya ndoano halikuruhusiwa hata kwenye msafara. Nawakumbuka wavulana wawili walioshikana mashati kwa sababu ya idadi ya nati kwenye gurudumu la lori, kisha wakaenda pamoja kusimama kando ya barabara, wasubiri lipite, wahesabu. Ni wahandisi wangapi leo wangekwenda kuhesabu?

Na gurudumu lenyewe lilikuwa na adabu yake. Ndala iliyotoboka kisigino haikutupwa; ilikuwa na mwenyewe tangu ikiwa mguuni. Unaweka kizibo cha soda, unakandamiza mpaka kiache alama ya meno yake, unakata kwa wembe ukiifuata duara taratibu, maana ukiharakisha gari litachechemea. Kisha msumari unatiwa kwenye makaa hadi uwe mwekundu, unachomwa katikati. Moshi wake mchungu ninaujua hadi leo. Tundu likiwa pana, gurudumu linalewa. Likiwa jembamba, halizunguki. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Ubavuni ukitazama unaona mstari mweupe juu ya buluu, rangi za ndala, na hayo ndiyo yalikuwa mapambo yetu.

Fundi mkuu wa mtaa alikuwa kijana mmoja mpole, mkubwa kwetu kwa miaka michache. Wengine wote tulishindwa na Ikarus, kwa sababu ya kile kiungo. Ukikifunga kwa waya, basi halikati kona. Ukikilegeza, mkia unaangukia mtaroni. Yeye alikata tyubu ya baiskeli, akaikunjakunja, akaishona kwa uzi, akaipachika katikati ya vipande viwili. Likakata kona kwenye mwarobaini, kichwa kimeshageuka huku na mkia bado uko kule, halafu mkia ukafuata wenyewe bila kuvutwa. Tulinyamaza. Watoto wa Magomeni kunyamaza si jambo dogo.

Kuna watu Uingereza wanaokusanya magari madogo ya Matchbox, yaliyoanza kutengenezwa London mwaka 1953, na wanathamini sana lenye boksi lake la awali. Sisi hatukuwa na la kuweka hata kama tungetaka. Waya ulikuwa haba. Ili Ikarus izaliwe, Fiat ilikunjuliwa, ikanyooshwa kwa jiwe juu ya kizingiti, ikaanza upya. Magari yale hayakutupwa na mama zetu. Tuliyakunjua wenyewe.

Siku hizi magari ya waya yapo kwenye vibanda vya watalii, yamepangwa kama askari, yote sura moja, na mengine magurudumu yake hayazunguki. Sioni kama kuna aliyewahi kulitazama gari lolote kabla ya kuyakunja. Watoto siwalaumu, wamefungiwa ndani ya kuta, na njia zimechukuliwa na bodaboda. Ninaowaonea haya ni sisi. Mwalimu anaagiza kazi ya mikono, mzazi anakwenda sokoni kununua ufagio, mtoto anaukabidhi, anapewa alama. Na mtoto akiokota waya, tunamwambia atupe uchafu.

Kabati langu sasa lina Fiat na tela lake, Landrova, na basi la KAMATA, ile Kampuni ya Mabasi ya Taifa, lenye keria na ngazi ya nyuma. Ikarus sina. Mzee wa Msamvu amekataa. Hakuwahi kuishi Dar, na haundi gari asilolizunguka kwa miguu yake. Nikampelekea picha. Akaigeuza nyuma, akanirudishia: “Mgongo wake uko wapi?” Yule kijana wetu tumeshamzika. Nimewauliza waliobaki wa mtaa ule, kwa simu na kwenye misiba. Wote wanakumbuka lilivyokata kona kwenye mwarobaini, na wawili wameapa kwamba walilisukuma. Tyubu ilikunjwaje, na ilishonwa kwa ndani au kwa nje, hakuna anayejua.