Dereva Asiyekurupuka

Asubuhi ya Igowole, wilayani Mufindi, baridi inauma vidole. Fuso limelala limepakiwa mbao za misindano, lakini dereva haendi moja kwa moja kwenye usukani. Anashika geji, anazunguka tairi moja baada ya jingine, akiinama kuyafikia yale ya ndani nyuma. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea barabarani, na anayelilipia ni injini. Utingo anafunga turubai. Dereva anapitisha kiganja juu yake, palipopwaya anasema, "Kaza tena, mdogo wangu. Turubai likipigapiga linakunywa mafuta."

Anawasha. Hapigi resi. Anasubiri upepo wa breki ujae, kisha anaondoka taratibu, maana injini hupata joto upesi ikifanya kazi kuliko ikiungurumia pale pale.

Utazame mguu wake wa kulia. Unakanyaga mafuta kwa kipimo. Mshale wa mzunguko wa injini ukikaribia katikati, pale dizeli inapotoa nguvu bila kupotea bure, klachi inakwenda chini na gia inaingia kimya. Pili, tatu, nne: hakuna gia inayovutwa mpaka injini ilie.

Njia ya kwenda Nyololo ni kilima, bonde, kilima, kati ya chai na misitu. Akiwa bado bondeni anaongeza mwendo mapema, ili mlima aupande na kasi aliyokuja nayo. Injini ikianza kuelemewa anashusha gia moja, kabla gari halijatetemeka. Karibu na kilele anapunguza mafuta; mwendo uliobaki utalivusha gari wenyewe.

Kwenye mteremko ndipo wengi hukosea. Huweka fri wakidhani wanabana matumizi. Yeye anabaki ndani ya gia, mguu ameutoa kabisa kwenye mafuta. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata dizeli. Ukiweka fri, injini inaendelea kunywa ili isizimike, na mzigo wote unaachiwa breki. Kwenye mlima Kitonga, mkoani humu humu Iringa, kosa hilo hugharimu kuliko mafuta.

Macho yake yako mbali. Ng'ombe wakianza kukatiza kule mbele, mguu umeshaachia. Gari linapunguza mwendo lenyewe, na njia inapofunguka bado liko kwenye mwendo, halijasimama. Kila breki inayokanyagwa ni dizeli iliyokwisha kuchomwa, ikageuka joto la bure.

Nyololo anaingia barabara kuu ya TANZAM. Mabasi yanampita yakipiga honi. Yeye amekaa kwenye kilomita 60 kwa saa, hajibu wala hafukuzi. Anajua upepo hauna huruma: mwendo ukiongezeka mara 2, ukinzani wa hewa huongezeka mara 4. Hivyo ndivyo anavyofika Mafinga, bila jasho na bila harufu ya breki.

Bei ya mafuta haimuulizi dereva. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na dereva huipokea ilivyo. Lililobaki ni mguu na subira. Nawe unayeendesha, hata kama ni gari dogo la kwendea kazini, anza kesho na mawili: pima upepo wa tairi, na achia mafuta mapema kabla ya kukanyaga breki. Yote mawili hayahitaji fundi.