Kabureta Iliyolala

Nilipiga kiki mpaka goti likauma, kisha nikaisukuma. Kutoka nyumbani hadi kwa fundi, kando ya barabara ya Bagamoyo hapa Kerege, si mbali, lakini pikipiki isiyowaka ni nzito kama ng'ombe aliyegoma, na vijana wa kijiweni walipata cha kuchekea asubuhi ile.

Ni Sanlg ya 125. Nilikuwa nimehamishiwa Dodoma kikazi, nikaiegesha pembeni ya banda la kuku, nikaifunika turubai, nikaondoka nikiamini kwamba chombo kisichotembea hakichakai. Masika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeipiga kiki?"

"Nimeipiga."

"Nyingi?"

Sikujibu. Akafungua kifuniko cha tangi, akainamisha pua kama mtu anayeonja mchuzi kwa harufu kabla ya kijiko. Petroli mbichi huchoma pua. Hii ilikuwa na harufu nzito, chachu, ya vanishi katika karakana ya seremala. Akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba. Petroli nzuri huruka mara moja na kuacha ubaridi. Hii iliacha unato.

"Mafuta yamelala haya. Koki uliifunga?"

Sikuifunga. Nilidhani ananiuliza tu kwa mazoea ya kazi, kumbe swali lile lilikuwa nusu ya uchunguzi. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi: vyepesi, vinavyosaidia injini baridi kuwaka, hutangulia kuruka, vizito hubaki, hukutana na hewa na kugeuka utandu. Bakuli la kabureta hubeba mafuta kidogo sana, pengine ujazo wa kikombe cha kahawa chungu. Yakipungua, boya hushuka, sindano hufungua njia, tangi hujaza tena. Koki ikiwa wazi, mchezo huo huendelea gizani mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo kabureta yangu haikulala na kikombe kimoja cha mafuta. Ilipokea vikombe na vikombe, joto la pwani likavikausha kimoja baada ya kingine, kama tui linavyochemshwa mpaka libaki zito chini ya sufuria.

Nilitegemea aifungue kabureta palepale. Hakuigusa. Alichomoa plagi, akaisafisha, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akamwambia kijana wake apige kiki taratibu. Cheche ikaruka, ya buluu. Moto upo. Akafungua eya klina, akatoa nyasi za kiota cha panya. Kisha akashika mrija mwembamba unaoning'inia chini ya kabureta, akaupuliza, mashavu yakavimba, hewa isipite. Ndani ya mrija kulikuwa na udongo mkavu, umepangwa kwa ustadi. Nyigu alikuwa amejenga.

Ningekuwa mimi, ningekwishamaliza kufungua kila bolti. Yeye alikuwa anaondoa mashaka moja moja, ili akifika kwenye kabureta asiisingizie makosa ya wengine.

Injini yenyewe haikumpa wasiwasi. Sanlg, kama pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabara zetu, inafuata umbo la Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, injini iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kuliko uwezo wake na oili hubadilishwa mwenye nayo akikumbuka. Inavumilia mengi. Kabureta ndiyo haivumilii, kwa sababu kazi yake yote imo katika vitundu.

Anayetaka kuielewa aende Bagamoyo mjini mchana wa kaskazi, asimame kwanza uwanjani halafu aingie kichochoroni katikati ya nyumba za mawe. Upepo uleule, ukibanwa, unakimbia. Kabureta ina kichochoro chake: hewa inayovutwa na injini hupita mahali palipobanwa, huongeza mwendo, kani yake ya kusukuma hupungua, na mafuta yaliyoko bakulini hunyanyuka yenyewe kupitia jeti na kurushwa kama manyunyu. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliandika juu ya tabia hii ya vimiminika mwaka 1797, karibu miaka 90 kabla ya Karl Benz kusajili gari lake la petroli. Kipimo kinachotafutwa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Jeti ndogo, ile ya sailensa, inayoilisha injini ikiwa imetulia bila kuguswa resi, ina tundu lisilofika nusu milimita. Utandu mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu unatosha kulifunga.

Skrubu nne za bakuli zilikuwa zimeshikwa na kutu. Chumvi ya bahari hii haihitaji mwaliko. Fundi alizidondoshea oili nyepesi, akaweka bisibisi juu ya kila moja na kuigonga kwa kipini cha nyundo, tok, tok, bila kuzungusha, kisha akaniacha nimekaa kwenye benchi akaenda kuziba pancha ya mteja mwingine. Aliporudi, tatu zilizunguka kwa upole. Ya nne ilikataa. Akaiongezea oili, akanywa chai. Ikakubali baadaye, na sidhani kama aliona ni ushindi wa kutajwa.

Kabla ya kutoa skrubu ya hewa pembeni, aliikaza kwanza huku akihesabu kwa midomo, mpaka ikagusa chini kidogo tu. Mizunguko miwili kasoro robo. Akaandika kwa chaki kwenye tofali. Kipimo hicho ndicho alichoiacha nacho fundi wa mwisho, na hakutaka kukipoteza kabla ya kujua kama kilikuwa na kosa.

Bakuli lilipofunguka, chini palikuwa na kitu cha rangi ya asali, kizito, chenye kunata kama ulimbo wa kutegea ndege. Juu yake tone la maji lilikuwa limejikusanya, na unga mweupe ulikuwa umekula ukingo wa chuma. Fundi alichomoa pini ya boya kwa msumari mwembamba, akiegemeza kidole upande wa pili, maana vile viguzo viwili vinavyoshika pini vikivunjika, kabureta nzima imekwenda. Akalitikisa boya sikioni kusikiliza kama limeingiza mafuta. Kimya. Zima.

Jeti kubwa alipoielekeza angani na kufumba jicho moja, alitabasamu: mwanga ulipita. Ile ndogo akaigeuza, akaisogeza, akanipa na mimi nitazame. Giza tupu.

Kijana wake tayari alikuwa ameshika uzi wa waya wa breki. Fundi alimshika mkono, si kwa ukali.

"Hilo tundu lina namba yake, mwanangu. Ukilipanua, unamuuzia mtu pikipiki inayokunywa."

Jeti ni ya shaba nyeupe, waya wa breki ni wa chuma kigumu, na mkwaruzo usioonekana hubadilisha kipimo milele. Dereva atazunguka kwa mafundi akilalamika kwamba hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki, haitimii kwa sababu ya mafuta, na hakuna atakayekumbuka asubuhi ile ya waya. Jeti ilitumbukizwa kwenye kifuniko chenye thina. Tukangoja. Ilipolainika, fundi alichukua uzi mmoja laini kutoka kwenye waya wa umeme, akaupitisha mara moja bila kusokota, kisha akapuliza kwa pampu ya matairi. Akainua tena angani. Nukta ya mwanga, ndogo kama tundu la ushanga, ikanitazama.

Namheshimu zaidi kwa mambo aliyojizuia kuyafanya siku ile kuliko aliyoyafanya, na hayo ni magumu kuyaona kwa mtu anayepita njia.

Tangi lilisuuzwa mara tatu, kutu ikatoka kama majani ya chai. Mafuta yaliyolala hakuyamwaga. Yalikwenda kwenye dumu la kuoshea minyororo. Lita moja mpya ikaingia. Akafungua koki, akachuchumaa kuangalia mrija wa chini kwa muda mrefu kuona kama utadondosha. Haukudondosha. Choki juu, kiki moja, ya pili, ya tatu ikakohoa, ya nne ikawaka na kutoa moshi mweupe uliowatimua kuku wa jirani.

Nikasimama kuagana. Yeye akabaki ameinama, akisikiliza. Injini ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe, ukigusa resi inataka kuzima. Mtu mwingine angerudi kwenye jeti. Fundi alilowesha kitambaa kwa maji, akakizungushia shingo inayounganisha kabureta na injini. Mlio ukatulia. Akakiondoa, ukayumba tena. Oringi ya pale ilikuwa imekauka na kupasuka, hewa ya wizi inaingia. Iliyokuwepo kwenye kopo lake haikuenea. Kijana akatumwa dukani.

Ilipofungwa mpya, akairejesha skrubu ya hewa kwenye alama ya tofali, akaingiza kidogo mpaka injini ikasita, akatoa mpaka ikasita tena, akaiacha katikati. Ikawa ni robo mzunguko tu kutoka pale ilipokuwa.

"Nenda Mapinga urudi. Usiikimbize."

Niliporudi alizima injini, akaiacha ipoe kidogo, akachomoa plagi na kuigeuza kwenye mwanga wa jua. Ncha yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akanionyesha, akairudisha, akaifunga koki kwa mkono wake mwenyewe huku akinitazama usoni, kisha akarudi kwenye pancha.