Hukumu Kabla Ngoma Haijakatwa

Tarehe 15 Aprili 2023, katika kipindi kilichofungua msimu wa Britain's Got Talent kwenye televisheni ya ITV ya Uingereza, watoto wa Kampala wanaojulikana kama Ghetto Kids walikuwa bado wanacheza pale jaji Bruno Tonioli alipobonyeza kitufe cha dhahabu. Kitufe hicho humvusha mshiriki moja kwa moja hadi nusu fainali, na desturi ya kipindi ni kukibonyeza mchezo ukishakwisha. Safari hii karatasi za dhahabu zilianza kumwagika watoto wakiwa katikati ya hatua zao, nao wakaendelea kucheza chini ya mvua hiyo. Majaji wenzake walimshangaa. Uchezaji ule niliushangilia na nitaushangilia kila nikiuona tena. Hukumu ndiyo nisiyokubaliana nayo, na sababu ni ya kiufundi. Mtu wa Olumbi, au wa mwambao wowote wa kaskazini mwa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, aliyekulia pembeni mwa uwanja wa ngoma ataielewa upesi.

Ngoma ya kushindana ina mwanzo, ina mwendo, na ina mkato. Mwanzo unaonyesha kama kundi limefanya mazoezi. Mwendo unaonyesha pumzi. Mkato, yaani pale ngoma zinaponyamaza ghafla na miili kutakiwa inyamaze nazo, ndio unaoonyesha kama wachezaji walikuwa wanasikiliza wakati wote au walikuwa wanakumbuka tu hatua walizofundishwa. Anayekumbuka hatua hupitiliza kwa nusu pigo. Mkono wake hubaki hewani wenzake wakiwa wametulia. Hakuna njia nyingine ya kuwatenganisha hawa wawili. Jaji aliyetoa uamuzi nusu ya safari amepima mwanzo na sehemu ya mwendo, na kipimo kikubwa kuliko vyote amekiacha.

Tonioli si mgeni wa kazi hii. Alikaa miaka mingi kwenye meza ya majaji wa Strictly Come Dancing ya BBC, shindano lililoanza mwaka 2004. Huko majaji wanne hungoja wachezaji wamalize, husema walichokiona, kisha kila mmoja huinua kibao chenye alama isiyozidi kumi, jumla ya juu kabisa ikiwa 40. Maoni yao huwa ya kina: mguu umeshuka kwa kisigino au kwa vidole, bega limepanda, mkono umelegea. Mtu aliyezoea nidhamu hiyo alisukumwa na nini kuamua mapema? Jibu langu ni kwamba mpangilio wenyewe wa uchezaji wa wale watoto ulimvuta afanye hivyo, na inafaa kuutazama kwa makini.

Ghetto Kids, kundi lililoanzishwa na Dauda Kavuma, walijulikana duniani mwaka 2014 kwa video ya watoto wakicheza wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss. Mwaka 2017 wakaonekana kwenye video ya Unforgettable ya French Montana. Shule yao ya kwanza, kwa hiyo, ni video fupi. Mtoto anacheza nje, juu ya ardhi tupu, na kamera inamtazama mwili mzima kuanzia unyayo hadi utosi. Anayemtazama yuko mbali, ana simu mkononi, na anaweza kuondoka baada ya sekunde chache. Mchezaji aliyekuzwa na mtazamaji wa namna hiyo hana muda wa kupasha moto uwanja. Pigo la kwanza linamkuta tayari ameshafika juu. Hatua hukatwa vipande vifupi, na kila kipande kina mshangao wake: mtindo wa miguu, kisha kuanguka na kuinuka, kisha uso unaofanya kazi sawa na miguu. Vimo vinatofautiana, na tofauti hiyo hutumiwa kwa akili sana. Mdogo kabisa akifanya hatua ileile anayoifanya mkubwa, jicho huona hatua moja kwa vipimo viwili, na huamini kwamba imeongezeka.

Ngoma iliyojengwa hivyo haina kilele kimoja. Ina vilele vidogo vingi vinavyofuatana, na jaji anayengoja kilele hana pa kukingojea, kwa sababu kila anapodhani amekiona kinakuja kingine. Ndiyo maana mkono wake ulitangulia. Hilo ni sifa kwa aliyewapanga watoto wale, na pia ni onyo kwa yeyote anayetaka kuzihukumu ngoma zetu kwa jicho lililozoea mpangilio huo. Tufo imejengwa kinyume chake kabisa.

Huku Olumbi, katika wilaya ya Palma, na kushuka pwani yote hadi Kisiwa cha Msumbiji, tufo ni ngoma ya wanawake waliojipanga kwa safu, kwa kawaida kumi na tano hadi ishirini, wakipigiwa matari manne ya ukubwa tofauti. Zamani ilichezwa kwa kupiga magoti, na mwili uliocheza ulikuwa wa kuanzia kiunoni kwenda juu: mabega, shingo, viganja, macho. Siku hizi makundi mengi husimama na kuongeza hatua za miguu, ila msingi umebaki kule juu. Wimbo huimbwa na kundi zima. Wimbo mpya ukitungwa, hununuliwa kapulana, yaani nguo za kujifunga kama kanga, mpya za kuuvalia, sare kuanzia kilemba hadi pindo. Mtazamaji mjuzi akiiona kapulana ambayo hajawahi kuiona, anajua kabla ya sauti ya kwanza kwamba leo atasikia maneno mapya, na anasogea karibu.

Tufo huanza chini. Sauti zinatangulia, matari yanafuata kwa utaratibu, viganja vinafunguka na kufunga bila haraka. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba safu inatafuta pumzi moja. Kisha mapigo yanakaza kidogo kidogo, bila kuruka ngazi, na miili inakaza nayo. Kazi ngumu iko hapo: kuongeza kasi watu ishirini kwa pamoja, bila anayewahesabia kwa sauti, huku wote wanaimba. Kuimba na kuinamisha bega kwa mapigo yasiyolingana na silabi za wimbo ni ufundi mkubwa, na sijaona alama za jaji yeyote wa televisheni zinazoupa nafasi yake. Mwanamke akikosea, mara nyingi kosa husikika kabla ya kuonekana. Sauti yake inapungua kwa sababu akili imehamia kwenye mkono.

Kwa hiyo nina ushauri kwa anayetazama tufo kwenye skrini. Usimwangalie anayeongoza. Huyo ndiye aliyefanya mazoezi kuliko wote, na atakudanganya kwa uzuri wake. Mwangalie wa pembeni kabisa, safu ya nyuma. Akiwa sawa na wa mbele katika zamu ya kuongeza kasi, kundi hilo limeiva. Akiwa nyuma kwa nusu pigo, mengine yote ni mavazi.

Tatizo ni kwamba kamera haimwonyeshi. Msumbiji ina historia ndefu ya kupandisha ngoma za vijiji kwenye jukwaa la taifa. Tamasha la kwanza la taifa la ngoma za jadi lilifanyika mwaka 1978, miaka mitatu tu baada ya uhuru, na katika miaka ya karibuni Tamasha la Taifa la Utamaduni limezunguka mikoani: Nampula mwaka 2012, Inhambane 2014, Beira 2016, Lichinga 2018. Makundi huchujwa wilayani na mkoani kabla ya kufika huko, na televisheni ya taifa, TVM, hupeleka picha nchi nzima. Ni kazi ya heshima. Lakini namna ngoma inavyopigwa picha jukwaani, hapa na kwingineko Afrika Mashariki, ina ugonjwa unaojirudia. Kundi hupewa dakika chache, hivyo ile ngazi ya kuongeza kasi hukatwa chini au juu. Kamera hukimbilia uso mmoja uliopakwa msiro, rojo jeupe la urembo, kwa kuwa ni mzuri, na safu inapotea. Wapigaji wa matari huonekana mara moja mwanzoni kama watu waliosindikiza. Halafu, mapigo yanapokaza, picha huhamia kwa wageni rasmi wanaopiga makofi, na mtangazaji anaanza kueleza asili ya ngoma hiyo huku wimbo ukiendelea. Tukirudishwa jukwaani, ngoma imeshakatwa. Mkato haukuonekana.

Kwenye mapiko, ngoma ya barakoa ya Wamakonde, hasara ni kubwa zaidi. Kamera huipenda barakoa, na ni kweli ni kazi ya uchongaji ya kuvutia. Lakini barakoa ni mbao. Ndiyo sehemu ya lipiko, mchezaji aliyevaa barakoa, isiyobadilika tangu anaingia hadi anatoka. Ngoma iko chini yake, katika mwili uliofungwa nguo, katika njuga, na katika mazungumzo kati ya mchezaji na wapigaji. Ngoma ndogo za kuchomekwa ardhini zinashikilia mapigo ya msingi, ngoma kuu inatoa kauli, na mchezaji anaijibu kwa miguu na mabega. Kauli ikikatwa, naye anakatwa. Anayeonyeshwa uso wa barakoa peke yake wakati huo anaonyeshwa mtu asiyesema kitu. Mtafiti Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya mapiko ya Msumbiji, ameeleza jinsi makundi yalivyobuni mitindo kizazi baada ya kizazi kwa nia ya kuwapita wapinzani. Ushindani haukuletwa na televisheni. Ulikuwepo, na ulikuwa na waamuzi wake.

Waamuzi wa namna hiyo walikuwepo pwani yote, nao walipima vitu vinavyofanana. Mombasa, kundi la Kingi lilishindana na la Scotchi katika beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi. Upande wa Tanganyika, Marini walikabiliana na Arinoti. Beni kwa beni, lelemama, ngoma ya wanawake, kwa lelemama, na watu wa mtaa waliojua kila hatua walisema nani kashinda, wakabishana hadi msimu mwingine. Fainali ya Britain's Got Talent tarehe 4 Juni 2023 iliwaweka Ghetto Kids katika mizani moja na waimbaji, wanamazingaombwe na wachekeshaji, na mshindi akawa mchekeshaji, Viggo Venn wa Norway, kwa kura za watazamaji. Sioni dhuluma hapo, kwa kuwa ndivyo shindano lilivyoandikwa. Ila matokeo yale hayatuambii lolote kuhusu uchezaji wa watoto wale, na anayesema walishindwa kucheza amesoma kipimo kisichokuwepo.

Watazamaji wa pwani bado wana kipimo cha kuhukumu uchezaji wenyewe. Televisheni moja ikiwekwa barazani na watu wengi wakiizunguka, maoni hayangoji tangazo. Mama mtu mzima aliyecheza tufo ujanani atasema huyu wa kushoto ameingia mapema, na atasema hivyo akiwa amegeukia pembeni, anasuka ukili, kwa sababu amesikia. Maoni ya namna hiyo yana thamani kuliko alama kumi za kibao. Kama kuna redio ya jamii au kipindi cha televisheni kinachotaka wachambuzi wa ngoma, wako hapo, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Kuna jambo jingine ambalo mchambuzi wa ngoma za Palma hawezi kulikwepa. Tangu mashambulizi ya waasi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wa ukanda huu walitawanyika: Pemba, kambi za kusini, na wengine kuvuka mto Ruvuma kuingia Tanzania. Mwimbaji mmoja anaweza kuhama na sauti yake. Safu haihami. Ile pumzi moja niliyoieleza hupatikana kwa kukaa pamoja miaka, na ikivunjika hujengwa upya kuanzia chini, na watu wengine, mahali pengine. Kundi la wakimbizi likipanda jukwaani na safu ikawa na nusu pigo la kuchelewa, jaji aandike alama anayoiona, asiwaonee huruma ya uongo. Lakini mtangazaji awaambie watazamaji safu hiyo ina umri gani na imetoka wapi. Hiyo nayo ni taarifa ya kiufundi.

Kwa waongozaji wa matangazo ya matamasha, ombi langu ni dogo na halihitaji fedha. Wekeni kamera moja isiyosogea, iliyo mbali kiasi cha kuona safu nzima na wapigaji wake, na mrudi kwenye picha hiyo kila mapigo yanapokaza. Vipaza sauti viwili vielekezwe kwenye matari. Mtangazaji aseme yake kabla ya wimbo au baada yake. Na picha isihamie kwa mgeni rasmi, awe nani, mpaka ngoma ikatwe.