Nguvu ya Sauti Si Kelele

Katika muziki, fundi wa masteringi ndiye wa mwisho kuigusa sauti kabla haijamfikia msikilizaji. Nyimbo humjia zimekwisha kurekodiwa na kuchanganywa. Yeye huzipima, huzilinganisha, hurekebisha sauti nene na nyembamba, kisha hutoa nakala mama ambamo nyingine zote huzaliwa. Wengi wanaoitamani kazi hii hudhani siri yake ni kishindo. Santuri mbili zinatosha kuwaonyesha vinginevyo.

Mwaka 1969 mifereji ya santuri ya "Led Zeppelin II" ilichongwa na Bob Ludwig, kijana aliyesomea muziki katika chuo cha Eastman na kupiga tarumbeta katika okestra. Aliichonga kwa sauti kubwa, ngoma na besi zikabaki na uzito wake. Ludwig mwenyewe amesimulia kwamba binti wa Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atlantic, aliiweka kwenye gramafoni duni, sindano ikaruka. Ikaamriwa ichongwe upya, kwa sauti ya chini. Leo nakala zile za kwanza, zenye herufi RL karibu na kibandiko cha katikati, husakwa kwa bei kubwa.

Ilipotoka "Death Magnetic" ya Metallica mwaka 2008, diski ya CD haikuwa na sindano ya kuruka. Woga wa zamani ukaondoka, na kiasi kikaondoka nao. Sauti ilibanwa hata vilele vya mawimbi yake vikakatika, pigo la ngoma likawa mkwaruzo. Wapenzi wa bendi walizilinganisha nyimbo hizo na zilivyosikika katika mchezo wa Guitar Hero, ambamo ngoma bado zilipumua, wakalalamika. Lawama zilimwangukia fundi Ted Jensen; naye akaeleza kuwa zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa.

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe hili halikuwa tupu. Magitaa yamo, utunzi umo; kilichokosekana ni nafasi. Hapo ndipo tofauti ya kazi hizi mbili ilipo. Zote zina sauti kubwa, ila ile ya 1969 ina mshuko, na mshuko ndio unaoupa mpando thamani. Anayeghani shairi bila kushusha pumzi mwisho wa kipande hapotezi mizani wala vina. Humpotezea msikilizaji mahali pa kusikilizia.

Siku hizi hata hoja ya biashara imedhoofika. Huduma kama Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, huzishusha nyimbo zilizozidi kiwango, hivyo aliyebana sauti ili awashinde wenzake hubaki na uharibifu bila ushindi.

Ludwig, aliyefungua Gateway Mastering mjini Portland, Maine, mwaka 1992, alistaafu mwaka 2023. Aliyeanza kwa tarumbeta alikuwa na sikio kabla ya kuwa na mitambo. Kijana anayetaka kumfuata ajifunze mitambo, naam, lakini kwanza ajifunze kusikia kilichobanwa kupita kiasi, na kumweleza hivyo mwenye wimbo kabla hajaupokea. Akishaupokea na kuutoa, lawama itakuwa na jina lake, hata kama kosa lilitangulia mkono wake.