"Wapiganapo Tembo": Uhakiki wa Methali Tunayoitumia Mno

Mada ya ushindani wa mataifa makubwa ikitajwa darasani, insha nyingi hufunguliwa kwa methali moja: "Wapiganapo tembo, nyasi huumia." Tembo ni Marekani na China, nyasi ni sisi. Naona inafaa kuhakikiwa kabla ya kutumiwa, hasa na sisi tunaosoma hapa Rusizi, ng'ambo ya Bukavu.

Tuanze na sarufi. Kiambishi hu- hakionyeshi nafsi wala wakati. Kinasema jambo ni la siku zote. Tena kitenzi ni "umia", si "umizwa". Methali inatoa huruma, lakini haimtaji mshitakiwa.

Sisemi kwamba inadanganya. Wakati wa Vita Baridi, Marekani ilimwunga mkono Mobutu kwa miaka mingi kwa sababu alipinga ukomunisti, na waliolipa ni Wazaire. Leo kobalti ya Kongo, ambayo sehemu kubwa imeshikwa na kampuni za China, inawaniwa na Washington pia.

Lakini methali ina wahusika wa aina mbili tu, na hapa kwetu hawatoshi. Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Juni 27 mwaka huohuo, mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Kongo walitia saini mkataba wa amani huko Washington. Mbele ya Marekani, nchi hizo mbili ni nyasi. Mbele ya mama anayevuka daraja na beseni la nyanya kichwani, kila serikali na kila kundi lenye bunduki ni tembo. Tukiwataja tembo wa mbali peke yao, wa karibu wanapita bila kuulizwa.

Nyasi nazo hutenda. Kituo cha umeme cha Rusizi II, kilichoanza kazi 1989, ni cha ubia wa Rwanda, Burundi na Kongo. Nchi hizo zimegombana mara nyingi tangu hapo, na ubia huo haujavunjwa. Methali haina nafasi ya jambo kama hilo.

Siombi ifutwe. Naomba anayeitumia aeleze mambo matatu: tembo ni nani, nyasi ni nani, na nani aliyechagua uwanja wa kupigania. Asiyeweza kuyajibu atafute mwanzo mwingine wa insha yake.