Pamba mahali pa mwiko: kosa la Nicolas de Staël katika "Le Concert"

"Le Concert", turubai la mita 3.5 kwa 6 alilolichora Nicolas de Staël huko Antibes, Ufaransa, Machi 1955, lilipakwa kwa mbinu iliyomnyang'anya nguvu zake. Mzaliwa huyu wa St. Petersburg (1914), raia wa Ufaransa tangu 1948, alijenga jina kwa unene: rangi ya mafuta iliyokandikwa kwa kisu na mwiko, tabaka juu ya tabaka. Mwishoni alishika pamba na shashi.

Unene huo ulikuwa na kanuni. Mafuta ya kitani yanayobeba rangi hiyo hukauka kwa kunyonya oksijeni. Uso hushika gamba, ndani hubaki laini kwa miezi, kama tope la ukingo wa Ziwa Rukwa chini ya kijiji cha Mtowisa kiangazi kinapoanza. Mchoraji hana budi kungoja. Katika "Les Toits" (1952) kila kipande cha kijivu kina ukingo, na penye ukingo rangi ya chini huchungulia. "Parc des Princes" ya mwaka huohuo, iliyotokana na mechi ya soka ya Ufaransa na Sweden ya 26 Machi, ni kazi timamu.

Wanaoijua "Le Concert" wanalikumbuka lile jekundu: piano nyeusi kushoto, fidla kubwa ya besi kulia, karatasi za muziki katikati. Jekundu hilo ndilo kosa lenyewe. Lilizimuliwa na kusambazwa, halikukandikwa. Rangi ikizidishiwa tapentaini, mafuta yanayoshika chembe hupungua, mng'ao hufifia, na mkono wa mchoraji haubaki juu ya turubai. Ukubwa ule ulidai uzito, ukapewa utando.

Haraka ilichangia. Tangu 1953 kazi zake ziliuzwa New York na mfanyabiashara wa sanaa Paul Rosenberg, na soko lililochangamka halipatani na tabaka linalotaka miezi. Wahakiki waliouita wepesi huo ukombozi wana jamaa zao hapa kwetu: wale wanaowafundisha vijana kwamba rangi nene ni rangi iliyopotea bure.

Van Gogh, akiwa Arles mwaka 1888, hakuwa na pesa za kuchezea, lakini hakuipunja rangi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Lubumbashi, katika karakana ya Hangar iliyofunguliwa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, mchoraji Bela alichora kwa vidole vyake mwenyewe. Kila alama yake husomeka hadi leo. Hakuweka pamba kati ya ngozi na rangi.

Utetezi wa kawaida ni kwamba "Le Concert" haikukamilika, kwa kuwa de Staël alifariki tarehe 16 Machi 1955, akiwa na miaka 41. Ni kweli haikukamilika. Lakini picha alizozimaliza 1954 zilikuwa zimeshakuwa nyepesi vilevile. Uamuzi ulitangulia turubai hilo, nalo liliupanua hadi mita 6.